Taa ya Modemu Isiyolala

Na ichukuliwe kwa mfano nyumba moja ya Muhuta, kando ya barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge, pale ambapo dirisha la mbele hutazama Ziwa Tanganyika na la nyuma hutazama mlima. Baba wa nyumba ni askari polisi, na kituo chake kiko Muyinga, mbali na ziwa. Mama huuza ndagala na mawese. Kijana wao wa kwanza anasoma chuo kikuu huko Bujumbura, na ana kompyuta kuukuu yenye mfumo wa Linux ambayo huja nayo nyumbani wakati wa likizo. Kila Jumapili jioni, baba akiwa hana zamu, watoto hukusanyika mbele ya kompyuta hiyo wakazungumza naye huku wakimwona uso. Kwa ajili ya saa hiyo moja mama hununua bando la intaneti la wiki nzima, hulitia katika modemu ndogo iliyo juu ya kabati, na ameagiza kwamba lisiguswe kwa michezo wala kwa sinema.

Likizo moja bando hilo likaanza kwisha Jumanne. Mama akanunua jingine. Likafika Ijumaa asubuhi. Akaongeza kidogo kwa fedha za chumvi na sabuni. Jumapili ikaja, uso wa baba ukaganda katikati ya neno, kisha ukatoweka. Mtoto mdogo, ambaye alikuwa ameshika daftari lake la hesabu ili amwonyeshe baba alama alizopata, alilifunga akaenda kulala bila kula.

Tuhuma katika nyumba ya namna hiyo hazikawii kupata mahali pa kutua. Vijana wa jirani walikuwa na desturi ya kukaa chini ya mwembe ulio karibu na ukuta, kila mmoja na simu yake mkononi. Mama akaenda akamwambia jirani maneno ambayo si rahisi kuyarudisha kinywani. Siku hiyo hiyo neno la siri la modemu likabadilishwa. Lakini usiku wa manane, mama alipoamka kunywa maji, aliiona taa ya modemu ikipepesa vile vile kama jana.

Kubadili neno la siri lilikuwa jambo jema, ila faida yake kubwa katika mkasa huu haikuwa ile iliyokusudiwa. Lilionyesha kwamba mlaji wa bando, yeyote awaye, yumo ndani ya nyumba, maana vijana wa mwembeni hawakuwa na neno jipya. Hatua iliyofuata haikuhitaji utaalamu wowote, na inashangaza jinsi watu wengi wanavyoiruka na kukimbilia kwa fundi. Vyombo vyote vilizimwe kimoja kimoja huku taa ikitazamwa. Simu ya mama ikazimwa, na taa ikaendelea kupepesa. Simu ya binti ikazimwa, ikaendelea. Kompyuta ya kijana ilipozimwa, taa ikatulia.

"Mwanangu," mama akauliza, "mashine yako huzungumza na nani usiku?"

"Sijui, mama," kijana akajibu. "Madirisha yote nilikuwa nimeyafunga."

Hakusema uongo. Miezi kadhaa nyuma, akiwa chuoni, alikuwa ameweka katika kompyuta yake programu iitwayo BOINC, iliyotungwa katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley. Kazi ya programu hiyo ni kuzichukua hesabu kubwa zinazowashinda wataalamu, kuzikata vipande, na kuzigawa kwa kompyuta za watu wa kujitolea duniani kote. Kompyuta hupokea kipande, hukikokotoa wakati mwenyewe hana haja nayo, hurudisha jibu, kisha hupokea kipande kingine. Ni kilimo cha ujima, isipokuwa jembe ni mashine na shamba haliko mahali pamoja. Mradi uliojulikana kuliko yote ulikuwa SETI@home, ulioanza Mei 1999 kutafuta ishara za viumbe wenye akili walioko mbali angani, na ambao uliacha kugawa kazi Machi 2020.

Mtu wa mwambao wa Tanganyika anaweza kuuliza viumbe hao wanamhusu nini, na swali lake ni la haki. Lakini njia hiyo hiyo ilitumika kwa jambo linalomhusu sana. Taasisi ya Uswisi ya magonjwa ya nchi za joto, iliyokuwa Basel wakati huo, iliendesha mradi wa MalariaControl.net, ambao tangu 2006 hadi 2016 ulitumia kompyuta za watu wa kawaida kuigiza jinsi malaria inavyoenea na jinsi vyandarua, dawa na chanjo zinavyoweza kuizuia. Miongoni mwa takwimu zilizoijenga hesabu hiyo zilikuwamo zile za kijiji cha Namawala, karibu na Ifakara, Tanzania. Burundi yenyewe ilitangaza mlipuko wa malaria Machi 2017, na hakuna mama wa pwani hii asiyejua maana ya kukesha na mtoto mwenye homa.

Kijana wa Muhuta yeye alijiunga na mradi wa mvua, na sababu yake inaeleweka. Mwishoni mwa Machi 2015 mvua kubwa iliporomosha udongo huko Gitaza, katika komini hiyo hiyo ya Muhuta. Watu walikufa, nyumba zikabomoka, na barabara ya Rumonge ikakatika. Oktoba 2019 Chuo Kikuu cha Ufundi cha Delft, Uholanzi, kilianzisha kupitia World Community Grid utafiti wa kuigiza mvua za Afrika kusini mwa Sahara kwa vipimo vya kilomita moja moja. Vipimo vipana havitoshi, kwani dhoruba za nchi za joto huweza kunyesha juu ya kilima kimoja na kukiacha cha pili kikiwa kikavu.

Ila hesabu za mvua hazisafiri mikono mitupu. Kila kipande huja na mafaili makubwa na huondoka na mafaili makubwa. Chuoni, ambako mtandao haulipiwi na mwanafunzi, hakuna aliyeona. Nyumbani kila megabaiti hununuliwa. Hata mwendo ulio mdogo kabisa, wa kilobaiti 10 tu kwa sekunde, ukiachwa utembee usiku na mchana hula megabaiti 864 kwa siku moja. Mtu asitafute mto uliofurika ikiwa mtungi una tundu.

Tena madirisha yaliyofungwa hayakumsaidia kijana, kwa sababu katika Linux dirisha la BOINC na mtendakazi wake ni vitu viwili. Dirisha ni la kutazamia na kutolea maagizo tu. Mtendakazi, aitwaye "boinc-client" katika Debian na Ubuntu, huamka pamoja na mashine kabla mtu hajaandika neno lake la siri, na hufanya kazi kwa jina lake mwenyewe. Kufunga dirisha ni kama kufunga pazia la ofisi: karani bado yuko mezani.

Kijana alipoanza kuchunguza alikaribia kupotea njia, na hapa wengi hupotea. Aliandika amri "sudo ss -tnp", inayotaja kila programu yenye mazungumzo na anwani inayozungumza nayo. Ikatoka mistari yenye anwani 127.0.0.1 na mlango namba 31416, na kila alipoangalia ilikuwapo. Akadhani amemkamata mwizi. Kumbe anwani 127.0.0.1 ni ya mashine yenyewe. Dirisha la BOINC humuuliza mtendakazi habari mara kwa mara, naye humjibu, yote ndani ya kompyuta ile ile. Vipimo vingine vya mtandao huyahesabu mazungumzo hayo, na mwenye mashine huona mstari unaopanda na kushuka bila kukoma. Lakini hayafiki kwenye modemu wala hayalipiwi, kama vile mume na mke wanaozungumza chumbani hawahitaji stempu. Anayeifuta programu kwa ushahidi huo amemwadhibu asiye na hatia, na huenda mwenye hatia bado yupo.

Ushahidi wa kweli ni wa maneno yanayotoka nje. Kwa huo kijana alitumia programu ndogo iitwayo "nethogs", ambayo hupanga kila programu na kiasi inachotuma na kupokea kupitia modemu. Jina la BOINC lilikuwa juu kabisa. Kisha akamwuliza mtendakazi mwenyewe kwa amri "boinccmd --get_file_transfers", inayotaja mafaili yaliyo njiani. (Amri hiyo ikikataa kwa kukosa ruhusa, iandikwe ndani ya folda ya BOINC, ambayo aghalabu ni /var/lib/boinc-client, na kwa mamlaka ya msimamizi.) Majibu mawili ya mvua yalikuwa yamekwama, yakijaribiwa tena na tena kila mawimbi ya simu yalipodhoofika. Nyuma yake palikuwa na foleni ya kazi mpya zikishuka. Chuoni kijana alikuwa ameiagiza programu iweke akiba ya kazi za siku nyingi, na programu, kwa utiifu wake, ikawa inajaza ghala kwa fedha za ndagala.

Si kila mradi hukamatika kwa urahisi huo. Baadhi ya kazi za LHC@home, mradi wa maabara ya CERN, hutembea ndani ya mashine ya kuigiza iitwayo VirtualBox, nazo huweza kuagiza vitu kutoka nje kwa njia yao wenyewe, nje ya foleni ya mafaili ya BOINC. Kwenye bando la kulipia, kazi za namna hiyo ni afadhali zisipokewe kabisa.

Dawa ya haraka ni amri "sudo systemctl stop boinc-client", nayo humsimamisha mtendakazi na kila anachofanya. Neno "stop" likibadilishwa kuwa "disable", hataamka tena mashine ikiwashwa upya. Mama alipendelea hiyo. Kijana akamsihi, akimkumbusha Gitaza, na wakakubaliana jambo la kati. Akaandika "boinccmd --set_network_mode never", ambayo huufunga mlango wa mtandao lakini huacha hesabu ziendelee. Akapunguza akiba ya kazi ikawa ya siku chache. Katika mapendekezo ya mtandao, ndani ya dirisha la BOINC, akaweka kikomo cha megabaiti kwa idadi ya siku, pamoja na saa za kuruhusiwa kusafirisha, ili siku atakaposahau kuufunga mlango hasara isiwe kubwa. Mara moja kwa wiki, mama anapopeleka mzigo sokoni Bujumbura, kijana humfuata na kompyuta begani, hupita chuoni, huufungua mlango wa mtandao, hutoa majibu na kupokea kazi nyingine. Majibu yana tarehe ya mwisho, na yakichelewa kipande hicho hupewa kompyuta nyingine. Hivyo safari isirukwe ovyo. Kuhusu umeme, mama aliweka sharti lake mwenyewe: hesabu zisitembee usiku, na feni ya mashine ikianza kulia ipumzishwe.

Ikiwa mtendakazi amesimamishwa na taa bado inapepesa, uchunguzi uendelee. Mara nyingi ni mfumo wenyewe unaojiongezea marekebisho, jambo jema linalohitaji kupangiwa saa tu. Lakini ikionekana programu ambayo hakuna nyumbani anayekumbuka kuiweka, na inaichosha mashine mfululizo, hiyo si ya kupangiwa saa. Kuna programu za wizi zinazochimba fedha za mtandaoni kwa kompyuta za watu, tena chini ya majina ya kuazima. Mashine itenganishwe na modemu hapo hapo, kisha apelekewe fundi.

Kwa askari kuna neno la ziada. Kompyuta ya kambi au ya kituo si ya nyumbani, hata kama imekaa bure usiku kucha, na ujima wa hesabu hauwekwi humo bila idhini ya maandishi. Huko Marekani fundi mmoja wa chuo cha ufundi cha DeKalb, jimbo la Georgia, aliweka katika kompyuta za chuo programu ya aina hii, ya mradi wa distributed.net, bila ruhusa. Jimbo lilimshtaki, likidai kila sekunde ya mtandao ilikuwa na thamani ya senti 59. Alikabiliwa na kifungo cha miaka mingi kabla ya shauri kumalizwa Januari 2002 kwa mwaka mmoja wa uangalizi, malipo ya dola 2,100 na saa 80 za kazi za jamii. Wengi waliona mashtaka yale yalikuwa makali kupita kiasi, na pengine walikuwa na haki. Hata hivyo mtu yule alikuwa amekwisha kupoteza kazi.

Wiki iliyofuata bando lilivuka Jumamosi likiwa na zaidi ya nusu. Mama alifunika sahani ya ndagala zilizokaangwa kwa mawese akavuka ua mpaka kwa jirani, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alimwagiza binti awaite vijana wa mwembeni, kwani mmoja wao, ilionekana, alitaka kujifunza Linux. Jumapili jioni daftari la hesabu lilifunguliwa mbele ya kompyuta, na baba akaomba lisogezwe karibu zaidi ili azisome alama.