Furaha ya Watu ni Amana Mkononi mwa Mpiga Picha

Kila inapofika tarehe 29 ya mwezi wa Ramadhani, watu wengi wa Mombasa huteremka ufuoni Mama Ngina jua likikaribia kutua, wakauangalie mwezi. Kazi hii ya kupiga picha nimeifanya mjini humu zaidi ya miaka 30, na hapo mwanzoni nami nilikuwa nikiielekeza kamera yangu huko huko walikoelekeza watu macho yao. Nikirudi nyumbani na nini? Mwezi wa siku moja ukiutia katika picha huwa kama mkwaruzo wa ukucha juu ya karatasi. Mwaka mmoja nikachoka, nikaupa mwezi mgongo, nikawaelekea watu.

Hapo ndipo nilipoiona Idd. Nilimwona mzee amempakata mjukuu begani amwonyeshe kitu ambacho yeye mwenyewe hakioni tena kwa uzee wa macho. Niliwaona vijana wakibishana, huyu aapa kuwa ameuona, yule amwambia ni wingu tu hilo. Mara ikatoka sauti moja, "Ule pale!", na nyuso zote zikabadilika kwa pamoja, kama taa za nyumba moja. Picha ile ninayo hadi leo. Mwezi haumo ndani yake, lakini kila anayeiona husema, "Hii ni usiku wa Idd."

Ndugu msomaji, sikusimulia haya ili nijisifu. Nataka tuzungumze juu ya jambo linalonitia wasiwasi kila nikitazama namna tunavyopigana picha siku hizi. Furaha ya kila siku ndiyo picha yenye thamani kuliko zote, nalo hilo halina ubishi. Lakini furaha hiyo ni mali ya nani? Je, ni ya aliyeishika kamera, au ni ya yule aliyecheka na kulia mbele yake?

Sisi watu wa pwani swali hili si geni kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20, wapiga picha wenye maduka yao Unguja na Mombasa walikuwa wakiuza kadi za posta zenye picha za watu wa hapa, nao wasafiri wa melini wakizinunua na kuzipeleka Ulaya. Ukizitazama leo utawaona bibi zetu na babu zetu, lakini mara nyingi majina yao hayamo. Chini yake imeandikwa kwamba huyu ni mwanamke wa Kiswahili, yule ni mchukuzi, basi. Ni watoto wa nani? Walikuwa wakikaa mtaa gani? Walikubali au hawakukubali? Hakuna ajuaye. Picha imebaki, mwenyewe amepotea.

Kisha zikaja studio ambazo wateja wake tulikuwa ni sisi wenyewe, na hapo mambo yakageuka. Hapa Mombasa, kuanzia miaka ya 1940, palikuwa na studio ya N. V. Parekh, na watu wa kila kabila walikwenda kwake wakiwa wamevaa wanavyopenda na kusimama wanavyopenda. Wanawake waliingia na buibui zao, ndani wakazivua, wakapigwa picha katika nguo zao za fahari, kisha wakajifunika tena na kutoka. Picha ilikuwa ni yao, nao ndio walioamua nani aione. Kule Lamu, Omar Said Bakor alifungua studio yake miaka ya 1960, na kwa mkasi na gundi akawa akizikata picha na kuziunganisha na nyingine hata mteja ajione mahali ambapo hajapata kufika. Wazee hao walikuwa na hila nyingi za ufundi, lakini jambo moja hawakulichezea. Mteja alipoondoka, siri ya mteja ilibaki ndani ya chumba cha giza.

Najua wako kati yetu wasiopenda picha kabisa, nami nawaheshimu. Nimeingia nyumba nyingi ambazo ukutani mna saa na aya za Kurani, na sura ya binadamu haimo. Wanavyuoni wamelizungumza jambo hili kwa muda mrefu na hawakukubaliana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia 1914, aliandika risala akieleza kwamba picha ya kamera ni kivuli kilichozuiliwa, wala si umbo lililobuniwa na mkono wa mtu. Wengine hawakuridhika na hoja hiyo. Mimi si mwanachuoni, wala ukurasa huu si mahali pa fatwa. Nikumbushe tu kwamba elimu yenyewe ya nuru inadaiwa mengi na Mwislamu, al-Hasan bin al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965, na ambaye katika Kitab al-Manazir alieleza jinsi nuru inavyopenya tundu dogo na kuingia mahali penye giza. Kamera haikutoka mbali nasi kama tunavyodhani. Ila adabu ya kuitumia ndiyo iliyo juu yetu.

Nami adabu hiyo nilifundishwa na mzee mmoja, na somo lenyewe lilikuwa chungu.

Ilikuwa miaka ya 1990, wakati wa filamu za picha 36, ambapo kila ukibonyeza unahesabu. Niliitwa kupiga picha za nikaha katika msikiti mmoja wa Mji wa Kale. Mambo yalikwenda vizuri. Baba wa bibi harusi alimshika mkono mkwewe, akamwozesha kwa sauti kavu isiyotetemeka, watu wakaitikia, halwa ikapita na kahawa ikapita. Watu walipoanza kutoka, nikamwona yule mzee peke yake penye viatu, amewapa watu kisogo, anajifuta macho kwa mkono wa kanzu. Alikuwa mtu mkali, wa kuogopwa mtaani. Nikainua kamera, nikapiga moja tu.

Nilipoiosha picha ile usiku nilijua kuwa sijapata kupiga nyingine kama hiyo. Nilifurahi mno, na kwa furaha hiyo nikafanya kosa. Nikaikuza, nikaitia katika lile sanduku la kioo nje ya duka langu, wapita njia waione kazi yangu.

Siku ya tatu mzee akaja. Hakuja kwa hasira. Alinisalimu, akaniuliza hali ya mama, akakaa. Nikamwagizia kahawa, akanywa vikombe viwili bila kusema neno. Nilikwisha kusikia kwamba pale barazani wenzake walikuwa wakimtania. Hatimaye akaniambia, "Mwanangu, harusi nilialika watu. Chozi sikualika mtu."

Sikuwa na la kujibu. Niliinuka, nikaitoa picha katika kioo, nikataka kuichana mbele yake ili aridhike. Akanishika mkono. "Usiichane. Nifungie nipeleke nyumbani." Nikaifunga kwa gazeti, nikampa na negativu yake. Akasimama, akanilipa bei ya picha. Nilikataa pesa ile, naye akaiacha mezani.

Maneno yale nimekaa nayo hadi leo, na kila mwaka nayaelewa zaidi. Mzee yule hakusema picha ni mbaya, wala hakusema nisingeipiga. Alichosema ni kwamba nimempa mtu asiyekuwa wake. Chozi lilikuwa la binti yake. Mimi nililigawa barabarani.

Baadhi ya wenzangu katika kazi hii huniambia kuwa naifunga mikono sanaa. Hunitajia Mohamed Amin, mwana wa Kenya, ambaye mwaka 1984 aliingia na kamera yake Korem, nchini Ethiopia, akaionyesha dunia njaa iliyokuwa ikiwaua watu huko. Je, wale nao waliombwa ruhusa mmoja mmoja? Hoja hiyo ina uzito, wala siipuuzi. Picha zile zilitoa chakula katika maghala na pesa katika mifuko. Lakini watu wa Korem walikuwa katika shida iliyohitaji kusikika, na kuwaficha kungekuwa ni kuwaua mara ya pili. Mzee mwenye kujifuta chozi penye viatu hakuwa akiomba msaada wa mtu. Mpiga picha asiyeweza kutofautisha kilio kinachoita watu na kilio kinachowakimbia watu, huyo bado hajaijua kazi.

Zamani kosa kama langu lilionwa na wapita njia wa mtaa mmoja, na kwa siku tatu tu. Leo kila mtu ana kamera mfukoni, na sanduku la kioo limekuwa la dunia nzima. Tazama harusi zetu. Usiku wa kupamba ni usiku wa wanawake, ambapo buibui huvuliwa na mtu akacheza kwa raha zake kwa kuwa anajua yuko baina ya wenzake. Inatosha simu moja ichomoke mkobani. Asubuhi picha iko Nairobi, adhuhuri iko Muscat, jioni imeangukia mikononi mwa mwanamume asiyehusika. Ndiyo maana siku hizi nyumba nyingi huzikusanya simu mlangoni, na kazi ya picha hupewa bibi anayeaminika. Msidhani huo ni ushamba. Hiyo ndiyo desturi ile ile ya chumba cha giza.

Hata sheria ya nchi imeanza kuyafuata yale ambayo wazee waliyajua. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na mwaka 2019 ikapitishwa Sheria ya Kulinda Data. Mwezi wa Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi wao. Lakini tusingoje faini. Mwislamu akiambiwa kitu ni amana, hahitaji askari wa kumsimamia.

Sasa wako watakaosema kwamba, kwa kuwa hatari ni nyingi hivyo, afadhali tuache kabisa, tupige picha za pasipoti na kitambulisho tu. Hapo nami nakataa. Nyumba ngapi nimeingia siku ya matanga, nikaulizwa kwa sauti ya chini kama nina picha yoyote ya marehemu, kwa kuwa waliyo nayo ni ile ya kitambulisho, amekodoa macho kama mshitakiwa? Mtu ameishi miaka 70, amecheza bao, amebeba wajukuu, amekaa jikoni akikaanga mahamri alfajiri na kuimba, na katika yote hayo hakubaki hata dakika moja. Huo nao ni msiba.

Yule mzee wangu alifariki miaka michache baada ya harusi ile. Binti yake alikuwa amekwisha hamia Oman na mumewe, na hakuwahi maziko. Alipokuja, alipita dukani kwangu. Alinieleza kwamba katika kabati ya baba yake walikuta picha imefungwa kwa gazeti lililogeuka manjano, na nyuma yake baba ameandika kwa mkono wake jina la binti na tarehe ya nikaha. Maisha yake yote hakuwahi kumwona baba akilia, na siku ile ya harusi aliondoka akidhani kuwa baba hakuhuzunika. "Kumbe alilia," akaniambia. Akaniomba nimtengenezee nakala moja, moja tu, kwa ajili yake. Nikamtengenezea, nikamrudishia na ile ya asili.

Kwa hiyo, waungwana, tupigeni picha. Mpigeni mama akichambua mchele, msingoje avae dhahabu. Mpigeni mvuvi akishusha samaki, na watoto wakihesabu mkono wa Idd pale Makadara. Lakini ombeni kwanza, na mtu akisema hapana, teremsheni kamera bila kununa. Nyuma ya picha andikeni jina, mahali na mwaka, wasije wajukuu wetu wakatutazama kama tunavyowatazama wale wa kadi za posta. Zile mnazozipenda zaidi zitoeni katika simu, mzitie karatasini na kuzihifadhi pakavu, kwani simu huibwa, na hewa yetu ya chumvi haina huruma. Na kabla ya kumpelekea mtu mwingine picha isiyokuwa yako, jiulize kama mwenyewe alimwalika.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Kamera inalo: ni kile kifuniko chake, na mkono wa kukifunga ni wako.