Deiwaka: kazi ya siku, nyumba ya mwezi

MAMA mmoja wa kijiji cha delta ya Rufiji, kinachofikiwa kwa boti kutoka Nyamisati, anapigiwa simu na mwanawe aliyeko Kibiti. "Shikamoo mama. Nimepata gari." Kabla ya magharibi majirani wote wameshajua kijana ni dereva. Wiki ya pili mama anaomba hela ya mbegu ya mpunga. "Mama, mwenye gari amerudi. Mimi nilikuwa deiwaka tu."

Kijana hakudanganya. Ni neno tu halikueleweka.

Deiwaka limetokana na maneno mawili ya Kiingereza yaliyounganishwa, "day" na "worker", yaani mfanyakazi wa siku. Stendi lina maana finyu zaidi: ni dereva au konda anayeachiwa gari na mwenzake kwa tripu chache au kutwa, ili mwenzake apumzike. Hesabu ya tajiri iko palepale. Cha deiwaka ni kile walichopatana. Waendesha bodaboda nao hulitumia hivyo hivyo, na siku hizi hata anayemshikia mwenzake kazi nyingine husema anapiga deiwaka.

Wengine hulichanganya na kibarua. Kibarua ni barua ndogo: zamani mfanyakazi wa siku alipewa kikaratasi, akakirudisha wakati wa kulipwa. Deiwaka hana hata hicho. Mara nyingi tajiri hajui kuwa gari lake limeshikwa na mtu mwingine. Ajali ikitokea, ndipo mke na watoto wanapogundua kuwa baba hakuandikwa popote.

Kazi hii si ya aibu, na wengi waliopewa gari la kudumu walianzia hapo. Lakini mume amwambie mkewe mapema: leo nimeshika, kesho sijui. Aombe kutambulishwa kwa tajiri, na leseni yake iwe ya daraja la gari analoendesha. NSSF pia hupokea michango ya hiari ya waliojiajiri.

Mke naye asikope dukani kwa kutegemea mwezi. Wavuvi wa kamba wa delta wanajua bamvua hufuatwa na maji mafu, hivyo cha bamvua hawakimalizi chote. Nyumba ya deiwaka iishi hivyo: siku ya gari, kitu kiwekwe kwa ajili ya siku isiyo na gari.