Mali na Amana: Kampuni Imekua, Mwenyehisa Amepata Nini?

Mlezi mmoja wa mayatima ametuuliza iwapo inafaa aweke fedha zao katika hisa za kampuni ambayo kila mwaka hufungua matawi mapya.

Sisi tungeuliza kwanza: kila shilingi ya wenyehisa inachuma nini? Tuseme kampuni ina mtaji wa shilingi milioni 100 na faida ya milioni 20. Uwiano wake ni asilimia 20. Ikazuia gawio miaka kadhaa, ikajitanua hadi mtaji ukafika milioni 200, na faida ikawa milioni 24. Itatangazwa kuwa faida imepanda, na ni kweli. Lakini uwiano umeshuka hadi asilimia 12, na ile milioni 100 iliyozuiwa imeongeza milioni 4 tu. Heri wangegawiwa wenyewe, wakanunua minazi.

Ukuaji wa mikopo una hatari zaidi. ARM Cement, yenye kiwanda hapa kwetu Kaloleni, ilijenga kingine kikubwa Tanga kwa madeni mengi. Saruji iliongezeka, ushindani nao ukazidi, na riba haingoji mtu. Agosti 2018 kampuni ikawekwa chini ya wasimamizi, hisa zake zikasimamishwa katika soko la Nairobi, kisha viwanda vikauzwa. Anayedai hulipwa kwanza, mwenyehisa akapewa kinachobaki. Na hapakubaki kitu.

AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, imeweka mpaka: deni lenye riba lisizidi asilimia 30 ya thamani ya hisa zote za kampuni sokoni. Wengi hukichukua kipimo hiki kuwa cha halali na haramu pekee, ilhali humkinga pia mwenyehisa na mzigo wa wadai. Kina upungufu wake, tusifiche. Bei ya hisa ikivimba, kampuni yenye deni kubwa hupita. Ikiporomoka, hukataliwa wakati hasara imekwisha kuingia. Ndiyo maana tumemshauri mlezi wetu alipime deni hilo pia kwa mtaji ulioandikwa vitabuni, na kwa hesabu za miaka mitano, si za mwaka mmoja.

Hesabu hizo ameshaziomba. Juma lijalo, inshaallah, tutazungumzia zaka ya hisa.