MBUNGE AMWOGOPE NANI?

Ndugu wafanyakazi,

Sisi tunaozunguka katika matawi ya mashamba ya miwa na viwanda vya chai huku Uganda tunaulizwa swali moja kila mahali: kwa nini mbunge hupiga magoti wakati wa kampeni, kisha hatumwoni miaka mitano? Jibu ni fupi. Mtu humsikiliza yule anayeweza kumnyang'anya kiti.

Siku hizi katika majimbo mengi kiti huamuliwa katika kura za mchujo za chama, kabla ya uchaguzi mkuu. Tarehe 4 Septemba 2020 wanachama wa chama tawala, NRM, walipanga mstari nyuma ya wagombea wao, na mawaziri kadhaa wakaangushwa. Julai 2025 wakapanga mstari tena. Mbunge aliyeona waziri akiangushwa na wanakijiji hawezi kulala usingizi mzito. Hilo ni jambo jema.

Lakini tuutazame mstari wenyewe. Mkata miwa amesimama pale, nyampara anamwona. Anayelala katika nyumba ya kambi anajua mwenye kambi anamtaka nani. Aliyepewa sabuni na chumvi jana usiku anatazamwa na aliyempa. Basi mbunge hamwogopi mkata miwa. Anamwogopa yule anayemtisha mkata miwa.

Ndugu zetu wa Kenya waliyaonja haya mwaka 1988, KANU ilipotumia mlolongo. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita bila kupingwa, na kura ya siri haikupigwa. Watu waliona mistari mifupi ikitangazwa kuwa mirefu.

Wengine wanasema tumwite mbunge arudi nyumbani kabla ya muda wake. Katiba yetu ya 1995 ilitoa haki hiyo, hata kwa kosa la kuwatelekeza wapiga kura, ingawa zilitakiwa sahihi za theluthi mbili ya walioandikishwa. Mwaka 2005, vyama vingi viliporudi, haki hiyo ikafungiwa ndani ya mfumo wa zamani wa Movement. Mlango umefungwa.

Na hasara tunaijua mfukoni. Kima cha chini cha mshahara kiliwekwa mwaka 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi. Februari 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kupanga kima kwa kila sekta. Rais akakataa kuutia sahihi. Katiba inalipa Bunge uwezo wa kuupitisha tena mswada uliorudishwa. Ni wabunge wangapi walioulizwa na watu wao habari za mswada ule? Na sisi tulikuwa wapi? Tuseme kweli: wengi wetu tulinyamaza.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu.

Kwanza, wafanyakazi walio wanachama wa chama chochote cha siasa wadai kura ya siri ndani ya chama chao. Sanduku halina macho ya nyampara.

Pili, kabla ya mchujo kila tawi liwaite wagombea wote, wa vyama vyote. Waulizwe juu ya mshahara, nyumba za kambi, na dawa za kunyunyizia zinazotudhuru. Majibu yaandikwe na katibu kitabuni. Baada ya miaka miwili kitabu kifunguliwe, mbunge akiwepo.

Tatu, tuanze nyumbani kwetu. Bunge lina viti vitano vya wafanyakazi, na wanaovijaza huchaguliwa na wajumbe wetu wenyewe. Kama hao hawaji matawini kutoa hesabu ya kazi yao, tutamdaije mbunge wa jimbo?

Ndugu, mkulima hamlaumu ng'ombe aliyekula mahindi ikiwa ua hakulijenga. Uchaguzi ni siku moja. Ua hujengwa mwaka mzima, katika mikutano ya tawi, na hata mwenye kazi ya kipande ana fito yake ya kuleta.

Umoja ni nguvu.