Fundi wa Gitaa na Dharau Yetu

Mwaka 2018 nilijaliwa kufika Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, na siku moja ya mapumziko niliitumia kuzuru maonyesho ya magitaa yaitwayo Holy Grail Guitar Show. Maonyesho hayo, yaliyoanza mwaka 2014, yaliandaliwa na chama cha mafundi wa magitaa wa Ulaya. Halikuwa soko la viwanda. Nyuma ya kila meza alisimama mtu aliyeyaunda magitaa yale kwa mikono yake, na mgeni aliyetaka kuuliza neno alimuuliza fundi mwenyewe.

Sikuwa mnunuzi. Bei ya gitaa moja pale ingemeza mshahara wangu wa miezi mingi, na sioni haya kukiri hivyo. Nilikwenda kutazama, na macho yangu yalikula yakashiba. Palikuwa na magitaa mekundu kama udongo wa Machakos, na mengine yaliyoachwa na rangi yao ya asili, mishipa ya mti ikionekana kama ramani ya mito. Gitaa moja lilikuwa na ubavu mweusi wenye kung'aa. Nilimuuliza fundi ni mti gani. Akanijibu kwamba ni mti wa Afrika ya Mashariki. Ulikuwa mpingo, mti ule ule ambao wachongaji wa Ukambani huuchonga vinyago.

Fundi huyo alinieleza jinsi afanyavyo kazi. Mteja akija, hamwonyeshi mbao kwanza. Humtazama mikono, akapima upana wa kiganja na urefu wa vidole, akamsikiliza akipiga gitaa lake la zamani, akamuuliza huketi vipi na hupiga muziki gani. Baada ya hayo yote ndipo ashikapo msumeno.

Niliporudi nyumbani niliwasimulia walimu wenzangu habari hizi. Mmoja wao, mtu ninayemheshimu kwa elimu yake, alicheka. "Mwalimu," akaniambia, "hayo ni mambo ya watu wenye nafasi. Sisi tuwafundishe watoto wafaulu mtihani. Useremala utawatosha watakaoshindwa." Wengine waliokuwamo chumbani waliitikia kwa vichwa, na mazungumzo yakageukia mambo mengine.

Tangu siku hiyo neno lile limenikaa rohoni kama mwiba, kwa kuwa si lake peke yake. Wazazi hulisema, na wanafunzi wamelimeza. Wanaamini kwamba akili ni ya kalamu, na mkono ni wa yule aliyekosa akili. Mimi nasema imani hii ni ya uongo.

Mwenye kudhani kwamba kazi ya fundi haina haja ya akili, na achukue rula. Uzi wa gitaa unaweza kuwa na urefu wa milimeta 650. Shingo ya gitaa hukatwa kwa mapana na vipande vyembamba vya chuma, na kila kimoja kina mahali pake. Cha kwanza hukaa karibu milimeta 36.5 kutoka kichwani. Cha kumi na mbili hukaa nusu ya njia kabisa, milimeta 325. Baina yake nafasi hupungua kidogo kidogo, kwa maana kila mara urefu uliosalia hugawanywa kwa 17.817. Huu ni mfuatano wa hesabu ambao wanafunzi wangu huusinzilia darasani. Fundi akiusinzilia, gitaa lake halitapatana na gitaa jingine lolote duniani.

Tena kuna uso wa gitaa, ule ubao wa mbele wenye tundu. Nyuzi sita za chuma zikikazwa huuvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, yaani uzito wa mtu mzima, na ubao wenyewe una unene wa milimeta tatu hivi. Ukiwa mnene mno hautatetemeka, na gitaa litakuwa bubu. Ukiwa mwembamba mno utabonyea na kupasuka. Kwa hiyo fundi hugundisha ndani vijiti vya kuutegemeza, mfano wa mataruma ya jahazi, akavichonga, akaugonga ubao kwa kidole, akausikiliza, akairudia randa. Je, hii si elimu ya nguvu na ya sauti? Tofauti yake na ile ya ubaoni ni kwamba hapa kosa halifutwi kwa kitambaa.

Wako watakaosema kwamba hatuna mbao nzuri wala mashine. Mbao tunazo; nimekwisha sema niliuona mpingo wapi. Lakini hata tusingekuwa nazo, udhuru huo ulijibiwa zamani. Mwaka 1862 Mhispania aliyeitwa Antonio de Torres, aliyejifunza useremala tangu utoto, aliunda gitaa ambalo mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi ngumu. Uso tu ndio uliokuwa wa mbao nzuri. Alitaka watu wajue kwamba sauti hutoka katika uso ule na jinsi ulivyochongwa. Mwaka 1995 naye Mmarekani Bob Taylor aliunda gitaa kwa mbao chakavu zilizokuwa zikibeba mizigo ghalani. Na katika maonyesho yale ya Berlin mafundi walikuwa wamepeana changamoto ya kuunda magitaa kwa miti ya nchi zao tu, pasipo kuagiza hata kipande kutoka ng'ambo.

Wala dharau hii si yetu peke yetu. Huko huko Ujerumani, katika mji wa Markneukirchen, waundaji wa fidla walitaka maseremala wakatazwe kuunda magitaa. Walidai kwamba wao wenyewe ni wasanii, na seremala ni mtu wa kazi za mikono tu. Seremala mmoja wa mji huo, Christian Friedrich Martin, aliyekuwa mmoja wa walioandamwa na ugomvi ule, alihamia New York mwaka 1833. Kampuni aliyoianzisha ingali ikiunda magitaa hata leo, nao mji wa Markneukirchen ulimpoteza.

Sisi tunapoteza wangapi? Kila mpenda muziki katika Kenya amesikia habari za Fundi Konde, Daudi Kabaka na George Mukabi. Ni haki yao. Lakini muulize mtu yeyote jina la fundi hata mmoja aliyeunda nyatiti yenye nyuzi zake nane. Atakutazama kama aliyeulizwa jina la nyuki aliyetengeneza asali.

Najua mitihani ina lazima yake. Mimi mwenyewe huisahihisha. Mtaala wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulileta kazi za mikono shuleni, na shule nyingi zilinunua vifaa. Kisha masomo yakapunguzwa, na vifaa vikatiwa ghalani. Katika shule ninayofundisha nilizikuta randa nne na patasi kadhaa zimeshikwa na kutu nyuma ya madawati mabovu. Tulizinoa. Wanafunzi sita huja baada ya masomo, na wawili kati yao ndio wanaoongoza darasa kwa hesabu.

Gitaa letu la kwanza lilipasuka uso siku ya tatu baada ya kutiwa nyuzi. Msichana aliyelipima alikaa kimya kitambo, kisha akaomba rula na daftari. La pili sasa limebanwa katika jiliwa, na gundi haijakauka. Yule mwalimu mwenzangu alipita jana dirishani, akasimama, akauliza kwa nini mataruma yake hayalingani unene. Nilimwambia aingie awaulize wenyewe.