Haki ya Mjane Iandikwe Daftarini

Katika nchi ya Migori na Homa Bay, ambayo zamani ilikuwa wilaya moja ya South Nyanza, Wajaluo humwita mjane "chi liel", yaani mke wa kaburi. Mumewe amefariki, lakini yeye angali mke wa boma lile, naye hulima shamba lake mpaka kufa kwake. Zamani jambo hilo halikuhitaji kuandikwa. Majirani wote walilijua.

Lakini mashamba yalipopimwa na kuandikishwa chini ya sheria ya mwaka 1963, ushuhuda wa majirani haukutosha tena. Mara nyingi mzee akifa, ndugu hukutana na kukubaliana kwa haraka kwamba jina la mwana wa kwanza liandikwe, "maana mama yuko naye." Miaka ikipita, kijana huuza. Mnunuzi hutazama daftari, akaona jina moja tu, wala hapana neno juu ya mama. Ndipo mama aambiwapo ahame penye kaburi la mumewe.

Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, haikumsahau. Kifungu cha 35 chasema kwamba mume akifa bila wosia, akaacha mke mmoja na watoto, vyombo vya nyumbani ni vya mke kabisa, na mali iliyosalia ataitumia maisha yake. Kisha watoto watairithi. Wala mama hawezi kuuza ardhi hiyo bila idhini ya mahakama. Basi haki hiyo huwalinda na watoto pia.

Lakini haki isiyoandikwa ni kazi kuithibitisha. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyotoka Meru, iliamua kwamba amana ya kimila yaweza kuifunga ardhi hata kama haikuandikwa daftarini. Lakini anayeidai sharti alete ushahidi. Je, mama mzee atapata wapi nauli na ada ya wakili?

Yafaa basi, siku mahakama inapothibitisha hati ya mirathi, maneno haya yaandikwe wazi: nambari ya shamba, jina la mama atakayelitumia maisha yake, na majina ya watoto watakaolipata baadaye. Kisha hati ipelekwe kwa msajili wa ardhi, na jamaa wahakikishe kwamba haki ya mama imeingizwa daftarini. Penye hofu ya shamba kuuzwa kabla ya hapo, mama aweza kumwomba msajili aweke tahadhari, kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.