Kona ya Mwalimu: Gari Inamisi, Cherehani Isiuzwe

Mwezi uliopita tuliongea juu ya kutunza madaftari wakati wa mvua. Mwezi huu naomba ruhusa nitoke darasani kidogo, niwape habari ya gari. Najua wengi wetu hatuna gari. Lakini tunapanda, tunalipa, na hapa Nakivale kuna familia ambazo zinakula kwa sababu ya gari moja tu la zamani.

Jirani yangu ni mzee kutoka Kivu. Anabeba abiria kwenda Mbarara kwa Toyota Corolla, ile ambayo hapa Uganda watu wanaiita kikumi. Kwa wiki mbili gari ilikuwa inatetemeka kama mtu mwenye malaria. Ikifika mlimani, abiria wanashuka na kutembea. Mafuta yanakwisha haraka, na nyuma inatoa harufu ya petroli mbichi. Akaipeleka garaji moja ya mjini, wakambadilishia plagi zote nne kwa mkopo. Hakuna nafuu. Mwishowe wakamwambia injini imekwisha, atafute nyingine. Alirudi nyumbani akamwambia mama watoto: tuuze cherehani.

Mama akakataa. "Cherehani haitoki humu ndani mpaka muniambie ni kitu gani kimekufa ndani ya hiyo moteri." Niseme ukweli, lile ndilo lilikuwa swali zuri kuliko yote, na sisi wanaume tuliosimama pale hakuna aliyekuwa amelifikiria.

Tukamwita kijana mmoja aliyesomea ufundi wa magari hapa hapa makazini. Mimi si fundi, kazi yangu ilikuwa kushika tochi na chaki. Lakini nilisikiliza vizuri.

Injini ya kikumi ina silinda nne. Ndani ya kila silinda, pistoni inabana hewa na petroli, plagi inatoa cheche, mchanganyiko unawaka na kuisukuma pistoni chini. Kila silinda inawaka mara moja katika mizunguko miwili ya injini. Sasa tufanye hesabu ya watoto: gari ikiwa imesimama, injini inazunguka kama mara 800 kwa dakika. Kila silinda inawaka mara 400, zote nne mara 1,600. Moja ikilala, zinabaki 1,200, na tatu zinambeba mwenzao. Ndiyo maana gari inatetemeka. Mafundi wanasema inamisi. Na silinda hailali bure: imekosa cheche, au imekosa mafuta na hewa kwa kipimo chake, au haibani vizuri, yaani kompresheni imepotea.

Kijana hakufungua kitu. Alisema kwanza tumjue mgonjwa. Akazima injini, akachomoa waya wa plagi ya kwanza, akauchomeka kwenye plagi ya akiba na kuifunga plagi hiyo chuma chake kikigusa injini. Akawasha. Injini ikazidi kutetemeka, karibu izime. Maana yake silinda ya kwanza ilikuwa inafanya kazi. Akazima, akarudisha, akaenda ya pili. Vilevile. Ya tatu, injini haikubadilika hata kidogo! Ya nne ikabadilika. Basi mgonjwa ni namba tatu. Chaki yangu ndiyo iliandika namba kwenye waya, kwa sababu injini hii inawaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na ukichanganya waya utaongeza ugonjwa mwingine.

Tafadhali, msichomoe waya hizo kwa mkono injini ikiwa inanguruma. Mzee alikuwa amejaribu siku moja kabla, umeme ukamrusha mpaka akakaa chini. Ule ni umeme wa maelfu ya volti.

Halafu kijana akahamisha plagi ya tatu kwenda ya pili, na ya pili kwenda ya tatu. Ugonjwa ukabaki kwenye tatu. Kwa hiyo plagi haina kosa, na deni la plagi nne lilikuwa la bure. Aliponiambia nimulike ndani ya shimo la plagi ile, tuliona oili imejaa. Mpira wa mwisho wa waya ulikuwa umevimba na kupasuka.

Kwenye injini hii plagi zinakaa chini kabisa, ndani ya mashimo yanayopita katikati ya kava la juu. Kila shimo lina sili ya mpira. Miaka ikipita mpira unakuwa mgumu, oili inapenya na kujaa shimoni, inaharibu waya, na cheche inakimbilia kwenye chuma cha pembeni badala ya kuruka kwenye ncha ya plagi. Wale wa mjini walibadilisha plagi na kuirudisha kwenye oili ile ile. Sijui walikuwa wanatazama wapi.

Mama bado hakuridhika, alitaka kujua kama moteri yenyewe ni nzima. Kijana akaazima kipimo cha kompresheni. Tulikausha oili kwanza kwa vitambaa, tukatoa plagi zote, akakata umeme wa plagi na wa mafuta, mzee akakanyaga mafuta mpaka mwisho na kupiga stata. Kipimo kilionyesha 170, 172, 165 na 170. Injini ya namna hii ikiwa juu ya 150, na silinda zikikaribiana, bado ina nguvu. Kama namba tatu ingeonyesha 90, tungemwaga kijiko cha oili kwenye tundu na kupima tena. Ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Hapo ndipo mtu aanze kuongea habari ya kuuza kitu.

Zilinunuliwa sili nne, gasketi ya kava na seti moja ya waya. Yote hayakufika bei ya mbuzi.

Kwa wenye gari mpya kidogo: hizo hazina waya ndefu, kila plagi ina koili yake juu, na mashine ya kusoma itakupa namba kama P0303. Tarakimu ya mwisho ni silinda. Lakini namba haikuambii ni koili, ni plagi au ni nozeli. Hamisha koili kwenda silinda nyingine, usome tena. Namba ikihama nayo, umeikamata. Na taa ya injini ikiwa inapepesa, simama, usiendelee na safari. Petroli isiyowaka inakwenda kuunguza kichujio kilichoko kwenye bomba la moshi.

Mzee amerudi barabarani tangu Jumatatu. Deni la plagi bado analipa kidogo kidogo, na cherehani iko mlangoni inashona sare za shule.

Mama mmoja ameuliza kwa nini injini ya kinu chao inawaka asubuhi na kugoma mchana. Ile ina silinda moja tu. Tutaanza nayo mwezi ujao.